Nilienda Antakya kusaidia, nikawa mgeni wa kupikiwa

Juzi kuna kijana wa mtaa wetu hapa Langoni, Lamu, kapata skolashipu ya Uturuki, mamake akamleta nyumbani aniulize abebe nini. Nikamwambia jaketi utanunua kule kule, wewe beba tochi na uzoee kulala viatu viko karibu na mkono. Akacheka, mamake naye akacheka, wakadhani ni mzaha wa mtu aliyekaa sana kwenye baridi. Walipoondoka nikasema basi, hii habari ya tetemeko la Uturuki nimeikalia siku nyingi, acha niiandike yote na yale ya aibu pia, manake ya aibu ndo mengi.

Nilikuwa mwaka wa pili Adana, kusini mwa Uturuki. Tarehe 6 Februari 2023, saa 10:17 alfajiri, nikaota niko kwenye boti ya Mokowe wakati wa kusi, boti yapanda yashuka na mimi nimeng'ang'ania ubao. Kuamka, kumbe ni kitanda ndo kinakwenda. Taa yapiga dari, kabati limefunguka lenyewe, na chini kuna mngurumo ambao mpaka leo sijapata wa kuufananisha nao. Chumbani tulikuwa wanne, mimi, dada mmoja wa Zanzibar, Msomali mmoja na Mturuki mmoja. Yule Mturuki alishuka kando ya kitanda akajikunja, mto juu ya kichwa, huku atupigia kelele tusitoke. Sisi watatu tukafanya tunachokijua, tukatimka. Ngazi za ghorofa nne, miguu mitupu, gizani, na nyumba bado yacheza.

Baadae ndo tukaelezwa kwamba ngazi ni katika sehemu za mwanzo kuvunjika na kwamba watu wengi huumia wakiwa mbioni. Nyumba ikitikisika unashuka chini pale pale ulipo, unakinga kichwa, unashika mguu wa meza au ubavu wa kitanda mpaka iishe, alafu ndo unatoka. Tetemeko lenyewe lilichukua zaidi ya dakika moja. Kusema dakika moja ni rahisi, hebu hesabu mpaka sitini kwa sauti ukiwa umeshika ukuta. Mimi nilitoka na kipande cha kioo kwenye unyayo, nyuzi tano, na ile wiki ambayo kila mwenye miguu miwili alihitajika mimi nilikuwa nachechemea. Yote kwa kukosa ndara.

Nje ilikuwa mvua na baridi ya kukata masikio. Saa za Uturuki na za Kenya ni moja, kwa hivyo mama alikuwa kashaamka anasali, lakini simu haziingii kabisa, kila mtu anapiga kwa wakati mmoja. Ujumbe wa maneno ndo ulipita, tena baada ya kama saa nzima. Niliandika "tumetikiswa, niko hai, niko nje". Ukifikwa andika hivyo hivyo, usianze kusimulia na chaji ni asilimia thelathini. Mama aliniambia baadae kwamba aliusoma ule ujumbe akaenda kukaa juu ya dari akiwa na tasbihi, hajui Adana iko wapi, hajui nini kimeanguka, kaingiza tu maneno yale kichwani.

Mchana nikafanya kosa la pili na hili ndo lilikuwa kubwa. Pasipoti na ile kadi ya ukaazi vyote viko chumbani, nami nimevaa nguo za kulala na jaketi la kuazima. Watu walikuwa wanaingia na kutoka kuchukua vitu, mlinzi keshachoka kuwazuia, nikasema si dakika mbili tu. Nikapanda. Nimeshika pasipoti mkononi, saa 7:24 mchana, likaja la pili. Sote tulidhani yatakayofuata ni madogo madogo. La kwanza lilikuwa la kipimo cha 7.8, katikati yake upande wa Pazarcık, mkoa wa Kahramanmaraş, na hili la pili 7.5 karibu na Elbistan, na hakuna aliyekuwa amelitarajia. Safari hii sikukimbia, si kwa ujasiri, miguu ilikataa. Nilikaa kwenye pembe ya ukuta, pasipoti nimeibana kifuani kama msahafu, rangi ya dari yanidondokea kichwani. Hosteli yetu haikuanguka. Lakini mjini Adana penyewe yalianguka maghorofa yenye watu ndani na walikufa zaidi ya 400, na mengine yalikuwa yamesimama asubuhi yakalala mchana.

Sasa hivi popote ninapolala kuna kibegi kidogo kimening'inia nyuma ya mlango. Nakala za karatasi, pesa taslimu (mashine za benki zilikuwa hazifanyi kazi au zina foleni ya kufa mtu), tochi, pawabenki, dawa zangu, pedi, filimbi. Filimbi ni kwa sababu mtu chini ya kifusi sauti humwisha mapema, lakini pumzi ya kupuliza hubaki.

Siku tatu tulilala msikitini na kwenye ukumbi wa michezo. Hizo nitazipita, zilikuwa chai, supu ya dengu na kuruka kila mtu akiburuta kiti. Siku ya nne ndo shetani wa wema akanipanda.

Unajua vile simu inavyokufanya. Kila ukifungua ni Antakya, Antakya, mji umelala chini, watu wanaomba matingatinga, watu wanaandika anwani za ndugu zao wako chini wanaongea. Na mimi Antakya nilikuwa na kitu nayo. Tangu madrasa tulikuwa tukisoma sura ya Yasin, tukifika pale mtu anapokuja mbio kutoka mwisho wa mji kuwaambia watu wake wawafuate mitume, mwalimu alikuwa akitwambia huyo ni Habib Najjar na mji wenyewe wafasiri wengi wasema ni Antakya. Kule kuna msikiti wa jina lake, Habib-i Neccar, nilikuwa nimeuzuru mwaka mmoja nyuma. Ukaanguka. Kwa hivyo waliposema wanafunzi kuna basi dogo laenda Antakya kusaidia, nikapanda na mguu wangu wa nyuzi tano. Hakuna aliyetusajili. Hakuna aliyekuwa anatungoja. Mizigo yetu: biskuti, katoni mbili za maji, glavu za kuoshea vyombo.

Kutoka Adana mpaka Antakya ni kama kilomita 190, siku ya kawaida ni saa tatu. Sisi tulitumia saa saba. Barabara imejaa malori ya chakula, ambulensi, mitambo ya kuinulia zege, na katikati yao magari kama letu, maelfu, yote yamejaa watu wenye nia njema. Nilikuja kuelewa baadae kwamba sisi ndo tulikuwa foleni. Ambulensi iliyokwama mbele yetu karibu na İskenderun, king'ora chapiga na hakuna pa kuipisha, ilikwama kwa sababu ya basi letu na mabasi ya namna yetu.

Antakya sitaielezea sana. Harufu, vumbi, na watu wamekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya chungu la mawe wakingoja, wengine wana siku nne hapo hapo. Nitasema jambo moja tu. Waokoaji wakidhani wamesikia kitu, mmoja huinua mkono, na hapo mashine zote huzimwa, magari huzimwa, watu huchuchumaa, mtaa mzima hunyamaza. Alafu mmoja huinama kwenye tundu akapaza sauti, "Sesimi duyan var mı?", yani kuna mtu anaisikia sauti yangu? Wanangoja. Hata kikohozi hakuna. Na katikati ya kimya kile simu yangu ikalia. Mama. Mlio wenyewe wa sauti ya juu, wa kasida ya maulidi, na mimi natetemeka siioni mfukoni ni ipi. Hakuna aliyenitukana. Walinigeukia tu. Kijana mmoja aliyekuwa amekaa na blanketi mabegani, nadhani mtu wake alikuwa mle ndani, alinitazama, na ule mtazamo nnao mpaka leo. Wakaanza upya, mkono juu, kimya, sauti. Sikujua waliishia wapi na mtu wao, manake niliondoka pale kwa haya. Tangu siku hiyo simu yangu haina mlio.

Jioni njaa ikatukamata. Biskuti zimeisha, choo hakuna, maji tuliyobeba tumeyanywa wenyewe. Palikuwa na gari la kupikia, foleni ndefu ya supu na mkate, tukajipanga. Tulikuwa kumi na moja. Mzee mmoja mbele yetu, sweta la kike amevaa, nadhani ndo alilolipata, akageuka akatuona sura zetu ngeni na akasema kwa Kituruki, binti yangu, nyinyi mmetoka mbali, piteni mbele. Nikamwambia hapana baba. Akashika mkono wangu akanivuta mbele yake, na mstari wote ukatupisha. Watu wasio na nyumba walitupisha sisi wenye nyumba tule supu yao. Nikala, ndio nilikula, nilikuwa na njaa. Lakini kila kijiko nilikihesabu. Usiku tukalala ndani ya basi injini ikiwa inawaka tupate joto, dizeli ambayo mtu alikuwa anaihitaji kwa jenereta, na siku ya pili tukarudi Adana hatujainua jiwe hata moja.

Kama umesoma mpaka hapa na una damu ya moto, nisikilize. Watu wanaotolewa hai wengi hutolewa saa za mwanzo na majirani zao wenyewe, kwa mikono, alafu huja vikosi vyenye mbwa na vifaa vya kusikilizia. Tena kumtoa mtu si kuvuta tu, aliyebanwa mguu saa nyingi ukiliinua zege ghafla ile sumu iliyojikusanya kwenye nyama hukimbilia moyoni, anakufa akiwa ameshatoka, ndo maana daktari humtundikia dripu kabla hajafunguliwa. Mimi na glavu zangu za vyombo ningejulia wapi hayo? Kama huna ujuzi wa kufukua, kazi iko, ila haiko pale kwenye kamera.

Ya kwangu niliipata Adana, kwenye ghala. Hii nilijisajili kama mtu mwenye akili, nikapewa fulana na zamu. Nilipofunguliwa mlango nikaona mlima. Nguo. Mpaka karibu na paa, na nje chini ya mvua kuna nyingine, na barabarani kuelekea Hatay, mkoa wa Antakya, zilikuwa zimemwagwa kando, zimelowa, watu wanazikanyaga. Kazi yetu ilikuwa kuchambua. Kwa saa nane mkono wangu ulipitia gauni za harusi, viatu vya kisigino, kiatu kimoja bila mwenzake, suti ya kuogelea, dawa za macho zilizofunguliwa, sweta nzuri zimefungwa pamoja na chupa ya mafuta iliyopasuka. Boksi moja la vitu mchanganyiko lahitaji watu wawili na karibu nusu saa. Boksi lililoandikwa ubavuni kwa kalamu nene "wasichana, miaka 8 mpaka 10, baridi" lilipita mbele yetu moja kwa moja likaingia kwenye lori.

Na yale yaliyokuwa yanaombwa kwenye simu kila siku hayamo kwenye mlima. Chupi mpya. Pedi. Pampasi za namba kubwa. Soksi. Ndoo. Mwanamke haombi pedi kwa kijana wa kiume mwenye fulana ya kujitolea, hata awe na tabasamu namna gani, kwa hivyo kwenye listi za wiki ya kwanza hazikuwepo, na aliyesoma listi alidhani hazihitajiki. Tulipoanza kupita sisi wasichana kwenye mahema ndo zikatoka, tena kwa kunong'ona, mama wa watu anakushika mkono anakupeleka nyuma ya hema.

Hapo ndo nikahamishiwa kwenye kambi, kwa sababu ya lugha. Wakimbizi wa Siria walikuwa wengi mno sehemu zile, wengine Kituruki hawakijui, nami nilikuwa na Kituruki cha mwaka mmoja na nusu na Kiarabu cha chuoni Lamu. Niliringa kidogo, nisiwe muongo. Siku ya kwanza nikaingia hema la mama mmoja wa Aleppo mwenye watoto wanne, nimebeba boksi la chakula, juu yake makopo ya nyama. Akaniangalia akasema "hram". Anaonyesha kidole upande wa boksi, na nyuma ya boksi wamelala watoto. "Hram, hram." Nikaona hii nyama ameitilia shaka, mama wa watu mchamungu. Nikatoa makopo yote, nikaomba radhi kwa fus-ha safi, Kiarabu cha vitabuni, yenye irabu zote, nikaenda nayo. Akanifuata nje anakaribia kulia. Hram! Mpaka akaja mtoto wa jirani anayejua Kituruki akanifasiria: kwa Kiarabu cha Sham hram ni blanketi. Mama anaomba blanketi, nami nimemnyang'anya nyama.

Alicheka yule mama. Mara ya kwanza kucheka tangu siku ile, ndivyo alivyoniambia, na akawa kila akiniona aniita ustadha wa haramu. Lakini usiku ule watoto wangelala na baridi kwa sababu ya elimu yangu. Tukaweka utaratibu, kila anayefasiri awe na mtu mmoja wa kambini, hata mtoto, na unarudia ulichosikia kabla hujaandika: wataka blanketi, mangapi, ya watu wakubwa au wadogo? Na daftari. Daftari liwe na tarehe kila ukurasa, manake haja hubadilika upesi sana. Siku za mwanzo ni maji, mkate, blanketi. Wiki ya pili watu wanataka sabuni, besheni, kamba ya kuanikia, birika, chaja. Wiki ya tatu mama mmoja aliniomba kioo. Kioo cha kujitazama. Tulidhani ni anasa, akasema siku ishirini sijauona uso wangu, sijui kama bado uko vilevile.

Kuna vipimo vya kazi hizi, nilikuwa sivijui: maji angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu 20 mambo yakishatulia na kwa watu 50 mwanzoni. Ukivijua unaacha kugombania biskuti unagombania choo. Maziwa ya kopo pia, kila mtu ana huruma ya kuyatuma, na maji yenyewe machafu, mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri anahamishiwa chupa anaanza kuharisha. Aliyetufundisha hilo ni mkunga mmoja wa kambini, mkali kama pilipili, alikuwa anayakamata makopo kama askari wa forodha.

Sasa nije nyumbani, manake huku nyuma Lamu nako hakukulala.

Ami yangu, Mungu ampe umri, alisimama siku ya Ijumaa akawaambia watu ndugu zetu wamefikwa, na binti yetu yuko kule kule, tuchange. Kufika Jumapili duka lake la kule karibu na Mkunguni halipitiki. Maboksi ishirini na sita. Kanzu, leso, dera, buibui, shati za mikono mifupi. Nguo za Lamu, za joto la Lamu! Kule usiku maji yanaganda kwenye ndoo. Akanipigia kwa video anionyeshe, kila boksi limeandikwa UTURUKI kwa rangi nyekundu, na mimi nilikuwa ndo nimetoka kwenye zamu ya ghala, vumbi la nguo puani. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia ami hayo ni matakataka. Akakata simu.

Niliumia kuliko nilivyoumia na kioo. Ilibidi nimwombe radhi kupitia kwa baba, na siku mbili akawa haongei nami. Kosa si lake, alifanya tunachofanya siku zote, jirani akiungua unampelekea nguo. Ila jirani yuko hatua kumi, unajua kimo chake, unajua amebaki na nini. Kwanza ningemtumia picha ya ule mlima asubuhi ya siku ya kwanza, kabla hajasimama Ijumaa, kusingekuwa na ugomvi. Nilikaa kimya nikidhani wanajua.

Walipouliza nauli ya ndege, ajenti akawapa bei ya kilo moja iliyoshinda bei ya nguo yenyewe ukiinunua mtumbani. Ami ndo akalegea. Wakauza baadhi ya vitu, wakapitisha kapu, zikapatikana shilingi 183,500. Na hapo ikaja shida nyingine, wapi zipelekwe. Shangazi alikuwa ananitumia kila siku picha za kutia huzuni zenye namba za akaunti chini. Moja ilikuwa ile ya zimamoto kakumbatia mtoto kwenye kifusi, nikamwambia shangazi hesabu vidole vya mkono. Sita. Picha ya kutengenezwa na kompyuta, na watu walikuwa wanatuma pesa. Tukakubaliana nusu iende kwa shirika kubwa linalojulikana, kupitia namba tuliyoichukua wenyewe kwenye tovuti yao si kwenye picha ya mtu, na nusu ije kwangu ninunue vya kambini.

Pesa ya watu ni moto mkononi. Lira moja wakati ule ilikuwa kama shilingi sita na kitu, nikanunua kwa bei ya jumla pale pale Adana, maduka yalikuwa yamefungua, mwenye duka naye ana wafanyakazi waliopoteza nyumba. Pedi, chupi, soksi, ndoo zenye vifuniko, vioo vidogo kumi na mbili. Nikachelewa kutuma risiti siku tisa, si kwa ubaya, nilikuwa hoi. Siku tisa zilitosha. Mtaani ikasemwa binti kajinunulia simu. Mama akasikia sokoni. Ukipokea pesa ya mchango piga picha risiti ukiwa bado mbele ya kaunta, itume kabla hujabeba mzigo, na uandike salio. Mimi nilizituma zote baadae lakini maneno yakishatoka hayarudi.

Na ya kwangu ya mfukoni, niseme wazi, zilikwenda lira kama 4,000, zilizokuwa akiba ya tiketi ya kurudi nyumbani Ramadhani. Chuo kikahamia mtandaoni muhula mzima, hosteli za serikali zikapewa waliopoteza makazi, nami sina pa kulala wala nauli. Aliyenilipia tiketi ni ami. Yule yule.

Nilidhani nikifika Lamu itakwisha. Wajua nyumba zetu za zamani, dari za boriti, ukuta wa matumbawe mnene. Zamani nilizipenda, sasa nikawa nalala nahesabu boriti, ipi itaanza. Usiku wa tatu punda wa jirani akajikuna mgongo kwenye ukuta wa nje, mtetemo kidogo tu wa kitanda, na mama alinikuta ukumbini nimejikunja chini ya meza, viatu mkononi. Hakuniuliza kitu. Akaleta mkeka akalala chini pembeni yangu. Tulilala hivyo karibu mwezi. Nilisomewa, sikatai, ilinituliza, lakini kilichonifungua hasa ni kuzungumza kwa simu kila wiki na mshauri mmoja aliyekuwa anasikiliza wanafunzi wa tetemeko bure, nikasimamisha masomo mwaka mzima. Mwanzo nilimkataa nikisema mimi sikufukiwa, mimi nini kimenipata. Mwaka ule waliokufa Uturuki peke yake walipita 53,000, na mimi nilikuwa naona hata kulia sina haki.

Novemba ya mwaka ule ule zikaja mvua za El Niño. Mto Tana ukapasua, barabara ya Lamu kwenda Garsen ikamezwa na maji upande wa Gamba na Lango la Simba, mabasi yakasimama, vijiji vya Tana Delta vikahamia kwenye miinuko. Jioni ile ile ami akaja nyumbani, hata viatu hajavua, uso umemng'aa.

"Maboksi," akasema. "Yamengojea siku hii. Nguo nyepesi, watu wa joto. Sasa wasemaje?"

Nikamwambia ami, tupige simu kwanza. Akashusha pumzi lakini akakaa. Nikampigia mwalimu mmoja wa madrasa aliyehama na watu wake, simu inakatika katika, nikaweka sauti kubwa ami asikie. Nikamuuliza mko kaya ngapi, watoto chini ya miaka mitano wangapi, maji mnachota wapi, nikaandika, nikamrudishia alichosema neno kwa neno. Nikamwomba ampe simu mama yeyote. Yule mama akangoja mpaka mwalimu asogee, alafu akataja anachotaka kwa sauti ndogo, na mimi sikushangaa. Neti za mbu, ndoo zenye vifuniko, dawa ya kutibu maji, pedi, mafuta ya boti ya kuvushia wagonjwa. Nikamuuliza na nguo je?

"Nguo tulikimbia nazo, mwanangu," akasema. "Ndo kitu cha kwanza mtu kubeba."

Ami alichomoa kalamu mfukoni mwa kanzu akaanza kuhesabu bei ya neti. Maboksi bado yako dukani kwake. Moja amelifunika mkeka, wazee hukalia wakija kunywa kahawa, na ukiinama waziona zile herufi nyekundu kwa chini.